Jamhuri haivuji damu

Agosti 2024 video ilipita kwenye simu zetu, ya binti mmoja jijini Dar es Salaam akifanyiwa ukatili na kundi la wanaume. Sitaieleza. Waliosambaza walishamuumiza mara ya pili, nami sitaki kuwa wa tatu. Kabla nchi haijapumua, kamanda wa polisi wa mkoa mmoja akanukuliwa akisema binti yule alionekana kama mtu anayejiuza. Jeshi la Polisi likaikana kauli hiyo na kamanda akaondolewa kwenye nafasi yake. Washtakiwa wanne wakafikishwa mahakamani Dodoma mwezi huohuo, na tarehe 30 Septemba wakahukumiwa kifungo cha maisha. Kila mmoja aliamriwa pia kumlipa binti fidia ya shilingi milioni moja.

Wengi tuliandika "haki imetendeka". Nami niliandika. Kesi kuanza na kwisha ndani ya miezi miwili ni jambo ambalo watu wa mahakamani hulisimulia kama mvua ya kiangazi. Lakini nilipotulia nikarudi kwenye swali dogo: katika hukumu ile yote, kipi kilikuwa cha binti? Kifungo ni cha Jamhuri, maana ndiyo iliyoshitaki na ndiyo inayofunga. Kilichobaki kwake ni hizo milioni nne, tena zitoke kwa watu wanaokwenda kuishi gerezani. Nani amlipie mshauri wa kumsaidia alale usiku? Nani amhamishe nyumba, kama mtaa mzima umeshamwona kwenye simu? Hukumu haikuulizwa hayo, kwa sababu sheria yetu haimtaki hakimu ayaulize.

Hoja yangu ni moja na nitaizungusha mpaka mwisho: tumeuchukua ukali kwa mhalifu tukaufanya ndio huruma kwa aliyeumizwa. Si kitu kimoja. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mbakaji hufungwa si chini ya miaka 30. Aliyebaka na kundi, au aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10, ni maisha. Mnyang'anyi wa silaha naye ni miaka 30. Kila tukio baya linapotokea, bungeni na barazani mjadala ni uleule: tuongeze, tuhasi, tunyonge. Nimesikiliza mijadala hiyo kwa miaka mingi. Ni mara chache mno nimemsikia mtu akisimama kusema: jamani, aliyeumizwa alifikaje hospitali?

Tuanze na jina tunalompa. Polisi na mahakama humwita "mlalamikaji". Mtu amekatwa panga begani, mfupa unaonekana, na kwenye jalada yeye ndiye anayelalamika, kama vile amekuja kusema chakula kilikuwa na chumvi nyingi. Mashirika yanapendelea "mwathirika", neno ambalo kwa miaka ya tisini na kuendelea mitaani lilimaanisha mtu mwenye virusi vya Ukimwi, na mpaka leo wapo wanaoshtuka wakiitwa hivyo. Wengine husema "manusura". Mimi nitasema aliyeumizwa, kwa sababu ndicho kilichotokea: kuna aliyeumiza na kuna aliyeumizwa.

Kesi ikifika mahakamani hata huo ulalamikaji anapokonywa. Jalada linaandikwa "Jamhuri dhidi ya fulani". Jina lake halipo juu. Yeye ni shahidi namba moja wa upande wa mashtaka, mara nyingine namba tatu, anayeitwa, anayehojiwa, anayeambiwa "unaweza kwenda". Hana wakili wa kwake ndani ya kesi. Mashtaka yakiondolewa hana neno la kuyarudisha. Mshtakiwa akiachiwa, hawezi kukata rufaa, isipokuwa kesi iliyoanzia mahakama ya mwanzo. Mwenye uamuzi huo ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Kwa mantiki ya sheria, kisu kilipoingia kiliichoma Jamhuri.

Mantiki hiyo ina sababu yake, na ni sababu nzuri. Dola ilijitwika mashtaka ili ugomvi usigeuke visasi vya ukoo na ukoo, na ili maskini aliyeumizwa na tajiri asiachwe apambane peke yake. Lakini tuikumbuke ilikotoka. Kanuni ya Adhabu ilitungwa Tanganyika mwaka 1930 chini ya Waingereza, ikachukua nafasi ya kanuni ya India waliyokuwa wakiitumia hapa. Shabaha ya mtawala ilikuwa amani ya himaya. Kabla yake, pwani ilijua dia, malipo ya damu, na neno lenyewe bado limo kwenye kamusi zetu. Bara walilipa ng'ombe. Sisemi kulikuwa peponi. Ng'ombe hao walikwenda kwa baba au kwa mume, na msichana aliyeumizwa aliambulia kuhamishwa kijiji au kuozwa. Ila wazo kwamba uhalifu ni deni, na deni lina mwenyewe, lilikuwepo. Tulipochukua sheria ya mkoloni tukalitupa wazo hilo zima, badala ya kulitoa kwa baba na kulikabidhi kwa aliyeumia.

Mwaka 1985 una sadfa inayonikera. Bunge letu lilitunga Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ambayo ndiyo mifupa ya kila kesi mpaka leo. Mwaka huohuo, tarehe 29 Novemba, Umoja wa Mataifa ukapitisha Azimio la misingi ya haki kwa waathirika wa uhalifu: wapewe taarifa za kesi yao, wasikilizwe, watibiwe, wafidiwe, na mhalifu asipoweza kulipa basi dola ijitahidi kulipa. Karatasi mbili za mwaka mmoja. Tunaishi kwa ile ya kwanza, na ya pili tunaisoma kwenye semina.

Sasa twende kwa mpangilio wa usiku wenyewe.

Mtu ameumizwa saa nne usiku. Ndugu wanamkimbiza zahanati. Swali la kwanza: "Mna PF3?" Fomu namba tatu ya polisi, ambayo daktari hujaza aina ya jeraha. Hawana. Basi mmoja abaki na mgonjwa, mwingine atafute bodaboda kwenda kituoni, kama kituo kipo na kama kina fomu. Tumesikia viongozi wakisema mara kadhaa kwamba matibabu yatangulie, na kuna wauguzi wengi wenye utu wanaoanza kushona huku karatasi inafuatiliwa. Lakini nenda ukae mapokezi ya kituo cha afya chochote kilicho mbali na mji uone. Mhudumu anaogopa kuulizwa baadaye kwa nini alimpokea mtu mwenye jeraha la panga bila kibali.

Kwa aliyebakwa saa hizo ni uhai. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Saa hizohizo ndizo ambazo ushahidi bado uko mwilini, kabla hajaoga, na mwanamke yeyote aliyefanyiwa hivyo kitu cha kwanza anachokitaka ni maji. Tumeuweka mlango wa polisi mbele ya mlango wa dawa. Mtu aliyeshindwa kusema mbele ya mama yake anatakiwa aseme kaunta, kwa askari wa zamu, huku nyuma yake amesimama mtu aliyekuja kuripoti simu iliyopotea. Madawati ya Jinsia na Watoto yalianzishwa kwa ajili hiyo na yamesambaa nchini, na vituo vya mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wako jengo moja, ni kitu bora kabisa tulichowahi kuanzisha katika eneo hili. Ila uhalifu hauchagui wilaya yenye kituo wala saa ya kazi. Kuna nini kinachozuia PF3 kukaa hospitali, ijazwe hapohapo, na polisi waifuate huko? Sijawahi kupewa jibu linalosimama.

Ukitoka hapo unapewa RB, namba ya kitabu cha taarifa, kwenye kikaratasi. Ndiyo stakabadhi ya maumivu yako. Kinachofuata ni kimya.

Familia za waliouawa hukijua kimya hiki kuliko wote. Kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, lakini mshtakiwa hupelekwa kwanza mahakama ya chini ambayo haina mamlaka ya kuisikiliza. Kila baada ya wiki mbili hivi analetwa, jina linaitwa, wakili wa Serikali anasema, "Mheshimiwa, shauri limekuja kwa ajili ya kutajwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Dakika mbili. Mjane ametoka kijijini saa kumi alfajiri, amelipa nauli kwenda na kurudi, amekaa kwenye benchi lilelile na mama wa mshtakiwa, kwa sababu korido ni moja. Nilipokuwa naandika habari za mahakama nilimzoea mama mmoja wa aina hiyo. Kila tarehe alikuja na kitenge kilekile, akakaa benchi la nyuma. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba "kutajwa" maana yake hakutakuwa na lolote siku hiyo. Alidhani asipokuja kesi itafutwa. Nilipomweleza, hakufurahi. Aliniuliza, "Kumbe wote humu ndani walijua?"

Mwenye bodaboda ana kimya cha aina yake. Amekatwa, pikipiki imeporwa, bahati nzuri polisi wameikamata pamoja na mwizi. Anafurahi mpaka anapoambiwa pikipiki sasa ni kielelezo, yaani kitu cha ushahidi kwenye kesi. Inakaa uani kwa polisi, juani na mvuani, hadi kesi iishe, na mkopo wa pikipiki hiyo haujui habari za vielelezo. Sheria inaipa mahakama uwezo wa kuamuru mali irudishwe kwa mwenyewe, na picha zingetosha kwa mashahidi wengi. Lakini nani amwombee? Wakili wa Serikali anawakilisha Jamhuri, na Jamhuri haina mkopo.

Nataka nikae zaidi kwenye ushahidi, maana hapo ndipo ninapoona tatizo letu wenyewe, la Waswahili, si la kurithi tu.

Mahakama ya Rufani iliweka kanuni inayonukuliwa kila uchao: ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Kanuni njema, imewaokoa wengi ambao hawakuwa na shahidi mwingine. Lakini ubakaji unathibitishwa kwa kuonyesha kwamba mwanamume aliingiza, hata kidogo. Basi shahidi lazima aseme. Na sisi tumefundishwa tafsida tangu tunanyonya. Mtoto wa miaka tisa wa Kiswahili, pwani au bara, akiulizwa alifanywa nini atasema "alinifanyia tabia mbaya". Ameshamaliza. Kwa mama yake, kwa mwalimu, kwa kila mtu mzima chumbani, hakuna kilichobaki kuelezwa. Ukimwambia ataje kiungo kwa jina, unamtaka atamke mbele ya wanaume wageni neno ambalo angelitamka nyumbani angepigwa kofi.

Kumbukumbu za rufaa zimejaa mvutano huu. Upande mmoja kuna hukumu zinazosema haitoshi kudai "alinibaka", lazima kuingiliwa kuelezwe, na washtakiwa wakaachiwa. Upande mwingine kuna majaji waliosema, kwa busara ninayoiheshimu sana, kwamba mila, malezi na dini vinawafanya watu wetu waseme mambo haya kwa mafumbo, na mahakama isijifanye haielewi. Kwa hiyo hatima ya mtoto inategemea jalada lake limeangukia mikono ya nani, na kabla ya hapo, kama mwendesha mashtaka alikuwa na subira ya kuuliza swali moja la ziada, au mwanasesere wa kuonyeshea. Swali moja. Mwendesha mashtaka mwenye majalada kumi siku hiyo haulizi.

Ongeza lugha. Hadi marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, shahidi alisema Kiswahili, hakimu akaandika Kiingereza. "Tabia mbaya" ilipita kwenye daraja hilo ikafika ng'ambo ikiwa kitu kingine. Majaji wa rufaa, miaka sita baadaye, hawakumsikia mtoto. Walisoma tafsiri ya haraka ya mtu aliyekuwa akikimbiza mkono.

Halafu kuna ahadi. Kabla ya mwaka 2016 hakimu alitakiwa kumpima mtoto kama anaelewa maana ya kiapo. Mwaka huo sheria ikarahisishwa: mtoto asiyeelewa kiapo aahidi tu kusema ukweli na si uongo. Ilionekana ni nafuu. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakutana na jalada ambalo hakimu hakuandika kwamba mtoto aliahidi. Ushahidi wa mtoto ukaondolewa, uliobaki haukutosha, mrufani, yaani aliyekata rufaa, akaachiwa huru. Nyingine zikafuata njia hiyo, mpaka miaka michache baadaye Mahakama hiyohiyo ikaanza kulegeza, ikisema kosa la namna hiyo lisiue ushahidi ambao mahakama imeuamini.

Tafadhali nieleweke. Sijui kama yule mrufani alikuwa na hatia na simtuhumu. Taratibu hizi zina kazi. Nimeona watu wasio na kosa wakifungwa, na mtu asiye na kosa akifungwa aliyeumizwa naye anabaki na mhalifu wake mtaani. Ninachosema ni hiki: kosa lilikuwa la hakimu, mtumishi wa dola. Aliyelilipia ni mtoto. Vivyo hivyo PF3, ile iliyofuatwa usiku kwa bodaboda, inaweza kufutwa kwenye kumbukumbu kwa sababu haikusomwa kwa sauti baada ya kupokelewa, au kwa sababu mshtakiwa hakuambiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aitwe. Mshtakiwa anastahili hizo kinga. Lakini pale dola inapoharibu kesi kwa mkono wake, hakuna sehemu yoyote ya sheria inayoiambia: mtafute yule mtoto, umweleze, umfidie wewe.

Hapo ndipo ukali unapogeuka na kumuuma tuliyedhani tunamlinda. Miaka 30 kama kiwango cha chini haimwachii hakimu pa kupumulia, kwa hiyo kila nyuzi ya ushahidi inapimwa kwa mzani wa dhahabu, na ni sawa ipimwe. Mbakaji akiwa mjomba anayelipa ada za watoto watatu, ukoo unapiga hesabu. Mama anaitwa kikao. Anaambiwa, "Ukimfunga, hawa watoto utawalea wewe?" Wanamalizana: laki kadhaa, au mbuzi, au ahadi. Mashahidi hawatokei, kesi inapigwa kalenda mpaka inaondolewa. Tunawalaani wazazi hao redioni kwamba "wanaficha uhalifu", na kuna wanaostahili laana. Ila wengi wao nimekaa nao, na hesabu yao si ya kijinga. Wanapima pesa kidogo leo dhidi ya miaka mitatu ya nauli, aibu, vitisho na mwisho usiojulikana. Kama dola ingekuwa na chochote cha kumpa mama yule siku ile ya kikao, pa kulala, nauli, ada ya muhula mmoja, mjomba asingekuwa peke yake mwenye kitu mkononi.

Fidia ipo kisheria. Mahakama inaweza kuamuru mfungwa amlipe yule aliyeumizwa, na kwa makosa ya kujamiiana sheria inaitaja waziwazi. Mahakimu wengine huisahau. Wengine huandika laki tano, milioni moja, milioni mbili, kwa mizani wanayoijua wenyewe. Nimemuuliza wakili mmoja ninayemwamini ni wateja wangapi amewaona wakilipwa. Alifikiri kidogo, akanitajia mmoja, mwenye shamba. Mfungwa wa miaka 30 hana mshahara, na kama ana nyumba, ndani yake wanaishi mke na watoto ambao nao hawakumkosea mtu. Amri ya fidia isiyo na mfuko nyuma yake ni barua ya pole yenye muhuri.

Na wazo la mfuko si geni kwetu. Sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu iliunda mfuko wa kuwasaidia waliosafirishwa. Kwa nini aliyesafirishwa awe na mfuko na aliyekatwa panga asiwe nao? Faini za mahakama zinaingia hazina kila siku. Sehemu ndogo yake ikitengwa, hatuhitaji kumtajirisha mtu. Tunahitaji kulipa upasuaji wa mkono, nauli za kuja kutoa ushahidi, miezi mitatu ya ushauri nasaha.

Majirani zetu wamejaribu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliamuru itungwe sheria ya kuwalinda walioumizwa na uhalifu, na ikatungwa mwaka 2014, pamoja na mfuko. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaamua kwamba aliyeumizwa, au familia ya aliyeuawa, ana haki ya kushiriki katika kesi kupitia wakili wake: aseme, aulize kupitia mahakama, awasilishe maoni, ila asigeuke mwendesha mashtaka wa pili. Mstari huo wameuchora vizuri kuliko hofu zetu zinavyodai. Na kabla ya hapo, tarehe 27 Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru ilikubali ombi la watoto wa kike waliobakwa ambao polisi hawakupeleleza malalamiko yao. Mahakama ikasema uzembe huo wenyewe ni uvunjaji wa haki zao. Kenya haijamaliza matatizo yake, ukiuliza Nairobi watakwambia. Lakini mtoto wa Meru alisimama akiwa mdai dhidi ya polisi, na akashinda. Kwetu Bara bado hatuna sheria inayofanana na ile ya mwaka 2014. Zanzibar wamekwenda hatua kwa mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji.

Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilizinduliwa Januari 2023 na kukabidhi ripoti kwa Rais Julai mwaka huo. Mazungumzo yaliyofuata yalijaa kubambikiwa kesi, kukamatwa kabla ya upelelezi, mahabusu zilizofurika. Yote kweli, yote yanahitaji kutibiwa. Nilitamani tu kwamba kwa kila dakika kumi za mshtakiwa tungetoa mbili za yule aliyeumizwa.

Mfano wa mwisho ni mgumu na nitautaja kwa uangalifu. Tarehe 9 Desemba 2017, sherehe za Uhuru zikifanyika Dodoma, Rais John Magufuli aliwasamehe Nguza Viking na mwanawe Papii Kocha, wanamuziki waliokuwa wakitumikia kifungo cha maisha tangu 2004 kwa kubaka watoto wa shule ya msingi. Wao siku zote walikana. Mwaka uliofuata Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema baadhi ya haki zao katika kesi zilikiukwa. Sifungui jalada hilo. Ninakumbuka tu shangwe ya siku ile, picha za machozi, nyimbo kupigwa tena redioni. Watoto waliotoa ushahidi walikuwa wadogo wa madarasa ya mwanzo. Mwaka 2017 walikuwa wasichana wakubwa. Ukiamini hukumu, waliumizwa. Ukiamini wanamuziki, basi watoto wale waliingizwa kwenye jambo la kutisha na watu wazima, na hilo nalo ni kuumizwa. Kwa vyovyote iwavyo, kulikuwa na wasichana mahali fulani waliosikia habari ile kama sisi, ghafla, kwenye redio ya jirani.

Hawana sheria ya kuwafanya waambiwe kabla. Si katika msamaha, si katika dhamana, si katika rufaa, si mfungwa anapomaliza kifungo. Katika makubaliano ya kukiri kosa yaliyoletwa mwaka 2019 mwendesha mashtaka anatakiwa kushauriana na aliyeumizwa, lakini "pale mazingira yanaporuhusu", na mazingira ya nchi hii hayajawahi kuwa na haraka ya kuruhusu. Yule mama wa kitenge alijua kwamba mshtakiwa wake amerudi alipokutana naye mashineni, kila mmoja ana ndoo yake ya mahindi. Mshtakiwa alimsalimia. Alimwitikia, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akaacha mahindi palepale na kurudi nyumbani.

Mahakama sasa zina mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mashauri. Kinachotakiwa kuongezwa kwanza, kabla ya mfuko na kabla ya wakili, ni ujumbe mfupi: kesi yako ni tarehe fulani, ni ya kutajwa, huna haja ya kuja, mshtakiwa amepewa dhamana, rufaa imekatwa, anatoka wiki ijayo. Namba ya kumtumia haihitaji kutafutwa. Askari aliiandika usiku uleule wa kwanza, juu kabisa ya karatasi ya maelezo, baada ya jina, umri, kabila, dini na mahali anapoishi.